Paneli Mbili za Kumnyamazisha Athanase

Athanase hakuanza kuchambua habari kwa sababu ya kupenda nchi. Alianza kwa sababu simu huchukua saa mbili kujaa, na mteja anayengoja saa mbili bila cha kusikiliza huondoka na kwenda kwa mwingine.

Nalijua hilo kwa kuwa meza yake na mkeka wangu vimepakana, pale mtaa wa Kikula, mji wa migodi ulio jirani na Lubumbashi, njia inapokata kuelekea sokoni. Mimi nauza viatu vya mitumba. Yeye anachaji simu. Ana paneli moja ya jua juu ya kibanda cha bati, betri ya lori chini ya meza, na ubao wenye soketi nyingi kama chuchu za nguruwe jike. Tangu transfo ya mtaa ilipuke, lile dude la umeme lililokuwa likigawia nyumba zetu zote, kila mwenye simu Kikula ni lazima apite mbele ya Athanase. Na anayepita mbele ya Athanase anapita mbele ya viatu vyangu.

Alizaliwa Panda, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha asidi, naye akaingia humohumo, akakaa hadi siku kampuni ilipowaaga watu kwa barua nzuri sana yenye muhuri. Alirudi nyumbani na jozi mbili za buti, kikohozi, na mazoea ya kusoma gazeti mpaka ukurasa wa vifo. Mkewe Mwadi akamwambia buti hazipikwi. Basi akaziuza. Nilizinunua mimi, tena kwa bei tamu, kwa sababu yeye alikuwa na haraka na mimi sikuwa nayo. Ndivyo tulivyofahamiana.

Jumapili husoma masomo ya misa parokiani, na sauti ile ya madhabahuni anaileta Jumatatu mezani. Siku moja alimaliza habari za bei ya shaba, akajisahau, akasema, "Neno la Bwana." Umati mzima ukajibu, "Tumshukuru Mungu," na mama mmoja akapiga ishara ya msalaba.

Watu wanapaita pale *parlement debout*, bunge la kusimama. Lile jingine lina viti, ndiyo maana watu husinzia. Letu halina hata kigoda.

"Papa Athanase, banasema cobalt sasa inatoka kwa kipimo. Maana yake nini?"

"Maana yake ndugu yako atachimba siku saba na kuuzisha siku moja. Zile sita zingine atafanya maombi."

"Na dola imeanguka!"

"Imeanguka, kweli."

"Basi juu ya nini unga haishuke?"

"Unga haikusikia ile habari. Unga haina redio."

"Na vita ya kule Mashariki?"

"Bametia sahihi tena. Kama sahihi ilikuwa risasi, vita ingekwisha tangu zamani."

Lakini habari iliyojaza watu kuliko zote ilikuwa ya transfo. Mvua zilipoanza, Honorable Ambroise, mbunge wetu wa jimbo, alitangaza redioni kwamba transfo mpya ya Kikula imekwisha kununuliwa na iko njiani kutoka Durban. Athanase akaanza kutoa taarifa ya safari yake kila asubuhi. "Leo transfo yetu imelala Bulawayo. Imechoka, imeomba ruhusa." Baada ya wiki: "Iko Lusaka. Imepata mchumba, wazee banazungumza mahari." Baada ya wiki nyingine: "Imefika Kasumbalesa, mpakani, imepanga mstari nyuma ya malori. Dereva amezaa mutoto wa pili." Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na mtu anayecheka hakazi sana kwenye bei ya kiatu. Mimi sikuwa na lalamiko lolote.

Aliyeharibu furaha ni Estelle, mwenye saluni ya mbele yetu. Estelle anakausha nywele za watu kwa jenereta, na jenereta inakunywa petroli kuliko mume wake anavyokunywa bia. Asubuhi moja alitoka na kitana mkononi, akasimama katikati ya umati.

"Papa Athanase, minye niulize kitu. Hii transfo ikifika kweli, weye utakula nini?"

Vichwa vikageukia meza. Estelle akaendelea:

"Courant ya umeme ikirudi, bantu batachaji ku nyumba. Mudomo yako inaombea transfo. Roho yako inaombea giza."

"Mama Estelle," Athanase akajibu, "fundi wa masanduku ya maiti anaombea bantu kufa?"

"Haombei. Lakini wiki ikipita bila kilio, anauliza bantu banakula nini, banapona vile!"

Umati ulicheka, safari hii kwa kumcheka yeye. Athanase akacheka kwa upande mmoja wa uso. Alijua ni kweli, na sisi tulijua kwamba anajua. Meza ile inamlisha yeye, Mwadi na wajukuu watatu walioachwa na binti yao. Umeme ukiwaka Kikula, chungu chao kinapoa. Na bado kila asubuhi alisimama na kuuita umeme kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Maneno ya Estelle yalifika mbali, kwa maana siku mbili baadaye alikuja Ghislain. Huyu ni mtu wa Honorable. Kazi yake ni kumshikia simu na kuanza kucheka kabla mwenyewe hajamaliza utani. Alivaa viatu vyenye ncha, ngozi halisi, ningeweza kuviuza kwa saa moja. Akasema kwa sauti ya chini, lakini anayeuza barabarani ana masikio ya kukodisha.

"Papa, Honorable anakupenda sana. Anasema muzee kama weye hawezi kuteseka na panneau moja. Atakupa mbili, kubwa, za mupya."

"Aksanti. Na minye nimupe nini?"

"Kitu kidogo. Ile ya transfo, usiiguse. Sema vita, sema cobalt, sema mpira. Dunia ni kubwa, papa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ifike."

"Sasa iko wapi?"

Ghislain akatazama ncha za viatu vyake. "Papa, na weye..."

Hapo ndipo Athanase alipojua, nami nikajua, kwamba transfo ile haijatoka popote.

Akageuka kunitazama. Sitajifanya mtakatifu hapa. Nilimwambia, "Pokea, papa. Muntu akileta bei mwenyewe, weye unalia nini?" Nilikuwa nimekwisha piga hesabu yangu: paneli mbili zaidi ni simu nyingi zaidi, simu nyingi ni miguu mingi, na miguu ndiyo kazi yangu. Kiatu hakihitaji umeme.

Athanase akakubali.

Siku nne tulipata habari za dunia nzima. Tulijua bei ya cobalt huko Uchina, tulijua nani amefungwa goli na nani amefungwa jela, tulijua hata hali ya hewa ya Ubelgiji. Kila mtu alipouliza, "Papa, transfo imefika wapi?" alijibu, "Tupite ku habari za michezo." Mara ya kwanza wakadhani anatania. Mara ya tatu wakaanza kutazamana. Kufika siku ya nne, watu waliacha simu zao mezani na kwenda kungoja kwingine, na Estelle akapiga kelele kutoka mlangoni pake:

"Jamani, msitafute tena! Transfo imefika! Imeingia mu tumbo ya muntu!"

Athanase akajifanya anafunga waya. Na mkeka wangu ulikusanya vumbi mchana kutwa, nikaanza kushuku kwamba nilishauri vibaya.

Siku ya tano paneli zikaja. Zilikuja juu ya gari, na mpiga picha, na Ghislain mbele akipiga honi kama harusi. Watu wakakusanyika, maana gari ya mwanasiasa ikisimama huwezi kujua, pengine kuna fulana. Wakazifunua. Paneli mbili ndefu kama milango, kweli mpya. Na juu ya kila moja, kuanzia ukingo hadi ukingo, wamebandika picha ya Honorable Ambroise akicheka, meno yote, na maandishi: ZAWADI YA HONORABLE KWA KIKULA.

Wakampiga picha Athanase amezishika. Wakazipandisha juu ya bati. Athanase akatoa waya kwenye paneli yake ya zamani, akauunganisha na mpya, akainama kutazama betri. Taa ya chaji haikuwaka. Akakaza waya. Haikuwaka. Akapanda juu ya kigogo cha mti kando ya kibanda, akatazama paneli, akashuka polepole.

"Bwana Ghislain, iyi picha babandika ku upande ya kukula jua."

"Ndiyo, papa. Njo upande ya kuonekana."

"Sasa jua itapita wapi?"

Ghislain akainua macho juu, kama mtu anayetaka jua lenyewe lijieleze. "Basi geuza."

"Nikigeuza, picha itaangalia bati na mgongo itaangalia mbingu. Mgongo haikule jua."

Estelle alikuwa amekwisha kukaa chini kwa kicheko. "Aliona kufunga courant ya serikali haitoshi! Anafunga na ile ya Mungu!"

"Basi nitakwaruza," Athanase akasema.

"Kukwaruza uso ya Honorable?" Ghislain akashika kichwa. "Mbele ya bantu? Papa, ile ni matusi! Tulipatana!"

Nikamsogelea Athanase, nikamnong'oneza ushauri ambao hata leo naona ulikuwa mzuri: "Papa, acha aende kwanza. Kesho utakwaruza pole pole, hakuna atakayejua, na mapatano yatabaki." Alinitazama kana kwamba namuuzia viatu vya mguu mmoja.

"Mama Carine," akasema, "nilinyamaza siku ine. Siku ine, hata mukate ilinikwama."

Akavuka njia, akamwomba Estelle wembe. Estelle akampa, kisha akatoa simu. Athanase akapanda tena juu ya kigogo, akanyoosha mgongo, na ile sauti ya madhabahuni ikatoka.

"Habari ya leo. Muntu moja wa Kikula alipewa panneau mbili, juu anyamaze habari ya transfo."

"Nani?" umati ukapiga kelele.

"Ni minye."

Athanase akaweka wembe kwenye picha.

"Tunaanza na mudomo," akasema, "maana njo ilisema iko njiani."

Krrr. Kicheko kilichopasuka pale kiliondoa njiwa kwenye bati. Akaendelea, kiungo kwa kiungo. "Meno: yote iko kamili, haikose chakula. Pua: ilisikia harufu ya kura, haikusikia harufu ya samaki yetu inaoza mu frigo. Macho tunaacha kidogo, ajionee kazi." Alipofika kwenye mashavu, taa ya betri ikawaka.

Ghislain alinyoosha mkono achukue paneli, kisha akatazama nyuma yake. Simu kama ishirini zilikuwa zimeinuliwa, zote zimejaa chaji, zote zimetoka kwenye soketi za Athanase asubuhi hiyo. Kunyang'anya zawadi mbele ya simu ishirini, hata yeye aliona haiwezekani. Akapanda gari. Hakupiga honi.

Nimekuwa sokoni miaka mingi. Nimeona watu wakiuza kitu kimoja mara mbili. Lakini sijawahi kuona mtu akipokea bei kamili, abaki na mali yake mkononi, na mnunuzi aondoke bila kudai. Kama angefanya kwa kukusudia, ningemvulia kofia. Yeye alifanya kwa hasira, ndiyo maana ninamsamehe.

Video ilifika Lubumbashi kabla ya saa sita. Jioni walikuwa wameitia muziki. Honorable Ambroise akasema redioni kwamba ni kosa la mtu wa kupiga chapa, na kwamba transfo, hata hivyo, iko karibu sana. Safari hii ilikuwa karibu kweli, maana nchi nzima ilikuwa inamcheka. Wiki ya tatu likaja lori na transfo yenye rangi mbichi juu ya kutu. Haikutoka Durban wala popote kwenye ile njia. Sikuuliza ilitoka wapi. Mimi mwenyewe nauza vilivyovaliwa.

Umeme ukawaka siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Estelle alizima jenereta na kuipiga teke. Kanisa la maombi la nyuma ya soko likawasha spika zake, na sasa Mungu anasikika hadi Panda. Watu wakaja kumshika Athanase mkono, wakambeba kidogo, wakamshusha, wakaenda nyumbani kuchaji simu zao.

Kesho yake alipata simu tatu. Jumamosi moja, na ilikuwa mbovu. Jumatatu alisimama peke yake, akasoma habari kwa meza, kwa soketi na kwangu. Mwadi alikuja adhuhuri, akatazama ubao mtupu, akasema, "Pongezi, baba. Leo tutakula courant," akarudi nyumbani.

Jumanne nilimkuta anafunga paneli kwenye baiskeli kwa kamba za mpira, moja kila upande, na betri kwenye kiti cha nyuma. Nyuso za Honorable zilikuwa zimebaki nyusi tu.

"Unaenda wapi, papa?"

"Kuko mtaa moja kule ng'ambo ya reli. Transfo yabo ilikufa tangu mwaka jana." Alikuwa anajaribu kuficha kicheko. "Honorable yabo anasema iko njiani."

"Papa Athanase, nisikilize. Kule useme polepole. Walau kazi ifike miaka miwili."

Akacheka mpaka baiskeli ikataka kuanguka, nikaishika. Nilitazama njia yetu: watu wanapita wakiwa na simu zilizojaa, kichwa juu, hakuna anayesimama, hakuna anayetazama chini kwenye viatu. Nikamuuliza kama pembeni ya meza yake mpya kutakuwa na nafasi ya mkeka.

"Nafasi iko," Athanase akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aniuzie zile buti hakuonyesha haraka yoyote. "Lakini minye njo nitafika wa kwanza, Mama Carine. Basi anza kusema bei."