Kwa Nini Rahab Alirudi kwa CD

Rahab alifungua friji atoe maziwa, akampata mtoto wake ndani.

Quincy, miaka mitatu kasoro miezi miwili. Amekunja magoti pale chini panapokaa mboga za sukuma wiki, trei ameitoa na kuisukuma chini ya meza. Midomo imeanza kubadilika rangi.

Hakulia. Alimwangalia mamake kama mtu aliyeharibiwa mchezo, akasema, "Bado kumi."

Rahab alimtoa, akamfunika na leso aliyojifunga kiunoni, akakaa naye sakafuni. Alijiuliza hiyo kumi ni ya nini.

Lakini mshukiwa alikuwa naye. Simu.

Tuseme ukweli. Rahab ni msusi hapa Nakuru mjini. Bwanake, Sitati, anafanya kazi kule Olkaria kwenye mitambo ya umeme na anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mtoto wa nyumba kama hiyo analelewa na nani? Analelewa na video. Moja ikiisha nyingine inajianzisha, na wewe uko jikoni ukidhani bado anaangalia ile ya wanyama.

Alifungua simu aone mtoto ametazama nini wiki hiyo. Alisogeza orodha mpaka kidole kikachoka. Watu wazima wakipasua mayai ya plastiki. Jamaa ana ndevu, amevaa nepi. Takataka tupu, na zote zinapiga kelele.

Asubuhi iliyofuata akaenda kwa Ishwarlal.

Mzee Ishwarlal ana kaduka karibu na soko, moja ya maduka machache yaliyobaki yanayouza CD. Watu hupita hapo wakicheka. Alimuuzia Rahab deki ya mitumba ya kuchezea CD, na CD nne za katuni. Rahab alipomuuliza mbona hajafunga duka na siku hizi kila mtu anastream, mzee alijibu bila kuinua kichwa.

"Hii ina mwisho, mama. Hiyo yao haina."

Na kweli. CD ilicheza dakika arobaini, ikaisha, TV ikabaki bluu. Wiki ya kwanza kulikuwa na vilio vya kuamsha majirani wa ploti nzima. Wiki ya pili Quincy aliitazama hiyo bluu kidogo, akaondoka, akaenda kugonga vifuniko vya sufuria.

Sasa anaingia Jackie.

Jackie ni dadake Sitati, anakaa mtaa wa Section 58, na TV yake ni kubwa kuliko dirisha. Ndiye alikuwa anakaa na Quincy kila Jumamosi, siku ambayo salon hujaa. Rahab alipompelekea mtoto, na deki na CD kwa mfuko, akamwomba asimwekee zile video za mtandao, Jackie alicheka mpaka akashika ukuta. Akaipiga CD picha, akaituma kwa group ya familia: "Mke wa bro amerudi 2004."

Familia ikacheka. Hata mjomba anayekaa kule Bahati, ambaye group anasomewa na mke wake kwa sababu yeye bado ana kasimu ka tochi, mulika mwizi, alicheka.

Kitu kimoja tu kilimkaa Rahab rohoni. CD za mtoto wa wenyewe, zinamuuma Jackie wapi?

Jibu lilikuja Jumanne, kazini. Cheptanui, mteja wake wa miaka mingi, alikuwa anasukwa huku akitazama simu na kucheka peke yake. Akamwinulia Rahab skrini aone mtoto mjanja.

Rahab aliona suruali ya manjano kwanza. Ni yeye aliinunua.

Quincy alikuwa anaingia kwa friji ya Jackie, trei zote zimetolewa. Mlango ukafungwa. Sauti ya Jackie ikaanza kuhesabu. Ilipofika saba ikasimama, ikawaomba watazamaji waweke like na wafuate chaneli ya Auntie Jackie. Halafu ndio ikakumbuka kuna mtoto. Nane, tisa, kumi. Mlango ukafunguliwa, Quincy akapewa lollipop.

Watu laki mbili walikuwa wameshaitazama.

Hapo ndipo Rahab alielewa. Mtoto hakuiga mtu wa mbali. Alifundishwa na shangazi yake. Na huyo shangazi, alipokuwa akicheka CD, alikuwa anatetea duka lake la video.

Alimwacha Cheptanui na kichwa nusu, akapanda boda mpaka kwa Jackie.

Jackie hata hakukataa. Alisema ni challenge tu, friji ilikuwa imezimwa, na mtoto alienjoy. Alisema mtu wa CD hawezi kuelewa mambo ya content.

"Ulifika saba ukasimama," Rahab akamwambia. "Ukiomba hizo likes, mtoto wangu alikuwa anapumua nini?"

Jackie aliangalia kucha zake. "Haikufika hata dakika, Rahab. Wacha drama."

Sitati alipotoka Olkaria aliitazama video mara moja, akatoka nje. Kisha akampigia dadake. Aliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Jioni hiyo video ikatolewa, na Jackie akajitoa kwa group akisema watu wana wivu.

Tungesema imeisha. Haijaisha.

Wakati Jackie anaifuta, wengine walikuwa wameshaiba. Wameikata, wameiwekea wimbo, wameipost upya. Juzi mteja mwingine amemwonyesha Rahab mtoto wake mwenyewe, akihesabiwa kwa lugha asiyoijua.

CD mbaya unaivunja kwa goti, unafagia, unaendelea na maisha. Hii Rahab atavunja nini?

Kwa hivyo nyinyi wa kucheka deki, chekeni. Lakini kabla umpe mtoto skrini isiyo na mwisho, uliza nani ameshika kamera. Rahab alikuwa anamtafuta huko majuu, ng'ambo. Kumbe ni mtu aliyekula kwake Krismasi, akaomba na nyama ya kubeba.