Besi ya Marcelino

Nikisikia watu wanajisifu kwa redio zao kubwa za dukani, nacheka kwa hasira. Sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia ilitoka kwenye mtungi wa maji, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, nyumba ya Mzee Awadhi. Na aliyeutengeneza hakukipata alichokitaka.

Huyo alikuwa Marcelino, mtu wa Newala, mpangaji mwenzangu wa ukuta kwa ukuta. Zamani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi. Gitaa halikuwa lake. Vyombo vyote vilikuwa vya mwenye bendi, na bendi ilipovunjika mwenyewe akavichukua. Marcelino akabaki na vidole vyake, akaenda kubeba magunia ya vitunguu sokoni. Ushahidi wake pekee kwamba aliwahi kuwa mpigaji ulikuwa wimbo mmoja waliorekodi redioni. Enzi hizo hukuwa na kanda wala santuri ya wimbo wako mwenyewe, ulingoja upigwe. Na kiredio chake kilikuwa kidogo: waimbaji unawasikia, magitaa mengine unayasikia, besi hakuna.

"Mama Candida," aliniambia, "nimepiga wimbo mzima, na sijawahi kujisikia."

Basi akaanza kuhangaika. Spika aliipata kwenye gari bovu huko kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Akaiunga na kiredio chake, akaifunga kwenye mdomo wa mtungi, ndani akatia vipande vya kanga kuukuu ili sauti isivume ovyo. Nikamtania, "Sasa baba, maji utakunywa wapi?" Alipowasha, besi ilitambaa sakafuni ikanipanda miguuni. Nilisimama pale mlangoni na unga mikononi, nikasahau maandazi yangu kwenye mafuta. Yaliungua yote, wala sikujali.

Marehemu hasemwi, lakini Mzee Awadhi ataniwia radhi: alikuwa bahili wa kupindukia. Umeme alituruhusu wa taa tu, redio marufuku. Ikabidi Marcelino atumie betri za tochi, na miaka ile baada ya vita vya Kagera betri zilikuwa adimu kuliko sukari. Zikichoka alizianika juu ya bati kama dagaa, zipate nguvu tena, akizitunza kwa ajili ya Jumapili alasiri, saa ya salamu za wasikilizaji. Alikuwa ametuma kadi kuomba wimbo ule. Kila Jumapili tulisikiliza nyimbo za wenzake, tamu kwelikweli, wake haupigwi.

Jumapili moja asubuhi Mzee Awadhi akafariki. Kwetu penye msiba redio haiwashwi, uwe na hamu ya namna gani. Hata hivyo alasiri nilimwendea Marcelino chumbani. Nilikuwa na uchungu kwa niaba yake.

"Funga mlango, washa kidogo," nikamwambia. "Mzee mwenyewe alikunyima umeme."

"Hapana, mama. Maiti bado yumo ndani. Na mtungi haujui kunong'ona."

Akatoka, akakaa mkekani na wanaume nje. Hakukaa sana akapita mtu, redio begani, hana habari kwamba pana msiba. Tukamsikia mtangazaji, wao mkekani, mimi mlangoni: Marcelino wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Kisha wimbo ukaanza. Marcelino akasimama, vidole vikawa vinatembea vyenyewe pajani. Yule mtu alipoiona mikeka akaona haya, akapunguza sauti na kukaza mwendo. Marcelino akamfuata hadi kwenye kona, nami nyuma yake.

"Ndio wenyewe?" nikamuuliza.

"Ndio."

"Wewe uko wapi hapo?"

Akatega sikio mpaka redio ikapotelea mbali.

"Simo," akasema. "Wenzangu wote wamo. Mimi simo."

Akarudi mkekani, akalia. Mwanamume mzima, mbeba magunia, alilia mpaka wazee wakamletea maji na kumpa pole kwa kufiwa na mwenye nyumba wake. Kadi nyingine alizituma, wimbo haukupigwa tena, na mwishowe akarudi kwao Newala. Bi Sabaha, mjane wa Mzee Awadhi, mpaka leo anawasimulia wageni jinsi mumewe alivyopendwa: hata mpangaji wake alimlilia kuliko watoto wake wa kuwazaa.