Shangazi Theopista Alivyoteka Mwiko

Shangazi yangu Theopista alifiwa na mume mvua za kwanza za mwaka 1974. Mumewe alikuwa kibarua wa reli hapa Mpanda, mtu mpole, aliyekufa kwa homa bila kumsumbua mtu, kama alivyoishi. Siku ya mazishi sisi Wafipa tulilia kwa utaratibu mzuri. Walioharibu ni watani zetu Wanyamwezi. Mmoja wao, Methusela, bwana stoo wa shule ya bweni, aliingia kaburini akajilaza chali. Akasema hatoki, mle mna nafasi kuliko chumba alichopanga, na Wafipa wakitaka kumzika mtu wao wamkomboe kwa jogoo.

Shangazi hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Alicheka. Akatoa jogoo. Methusela akatoka, akajipangusa udongo, akashika koleo na kufukia kaburi kwa bidii kuliko ndugu wa damu. Ndivyo utani ulivyo: mtani akiteka kitu chako, hukasiriki, humwiti polisi. Unakomboa.

Haukupita muda, habari ikaja kutoka Majimoto. Kalisti, mdogo wa marehemu, alituma neno kwamba mpunga ukishavunwa atakuja na lori kumchukua shemeji yake, amrithi kama mila inavyotaka. Kalisti si mtu mbaya. Ana mashamba, ana mke mwenye sauti anayeitwa Esteria, na watoto wengi kiasi kwamba huwaita kwa kuwanyooshea kidole. Lakini Shangazi hakutaka kuwa mke wa pili wa mtu aliyemkuta ananyonya. Kinga ilikuwa moja tu: kazi. Mwanamke mwenye kazi ya serikali hapakiwi kwenye lori kama gunia.

Wakati huo mimi nilikuwa nakaa kwake, mtaa wa Nsemulwa. Nilikuwa na nusu ya diploma ya kilimo. Nusu nyingine ilibaki chuoni pamoja na maneno niliyomwambia mkufunzi. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kula na kusoma matangazo ya kazi kwa sauti. Shangazi alijaribu hospitali: uzoefu wa miaka miwili. Akajaribu nyumba ya wageni: uzoefu wa miaka miwili. Mpunga wa Majimoto ukaanza kuinamisha vichwa, na ndipo nikaona tangazo la shule ya bweni: mpishi mmoja, awe na uzoefu wa miaka mitatu katika jiko la taasisi.

"Taasisi ndiyo nini?" akauliza Shangazi.

"Ni mahali wanapokula watu wengi wasiopendana."

"Basi ni ukoo wa mume wangu. Uzoefu ninao."

Tukaenda. Usaili ulifanyika kwenye baraza ya jiko, meza moja, benchi moja, na ndani masufuria makubwa yakitokota kwa chakula cha mchana. Nyuma ya meza alikaa Mwalimu Anselmo, msaidizi wa mkuu wa shule, Mchaga aliyehamishiwa kwetu majuzi na aliyekuwa bado anauliza njia ya kwenda sokoni. Pembeni yake Methusela, kama hamjui Shangazi.

"Mama, una uzoefu wa miaka mingapi?"

"Hata mmoja, Mwalimu. Kila ninapokwenda naambiwa nije nao, ila hakuna anayenionyesha unapochotwa."

Mwalimu Anselmo hakuwa mkali. Alionekana hata kusikitika. "Masharti ni masharti, mama. Wenzako hapo wamepika jeshini na misheni. Anayefuata!"

Shangazi hakuinuka. Aliganda pale benchini, akitazama mikono yake, na mimi nikajua anaona lori. Ndipo Methusela akakohoa.

"Mwalimu umetuokoa," akasema. "Mfipa akikoroga sufuria, radi inapiga bwenini. Uchawi wao nani asiyeujua?"

Shangazi akainua kichwa polepole. "Eti nani anasema? Wewe mbeba mizigo? Babu zako walibeba meno ya tembo mpaka pwani, wakarudi na vidonda vya mabega!"

"Angalau walifika pwani. Nyie Wafipa mlifika wapi?"

"Mama, hapa ni ofisini!" Mwalimu Anselmo akagonga meza.

Shangazi alikuwa ameshaingia jikoni. Alitoka na mwiko, ule mkubwa wa kusongea ugali wa shule nzima, mrefu kama yeye, akauweka begani na kuanza kuelekea getini.

"Nimeuteka," akasema bila kugeuka. "Mwenye nao aje anikomboe."

"Mlinzi! Mama anaiba mali ya umma!"

Mlinzi, Msukuma mmoja jina lake Manyanda, aliinuka, akatazama, akakaa tena. "Mwalimu, hapo mimi siingii. Hao ni watani."

"Hata mimi nina watani, Wapare! Hawajawahi kubeba vyombo vya serikali!"

Ndani jikoni mpishi wa zamani, Katarina, akapiga kelele kwamba maji yanachemka, unga uko tayari, na yeye hasongi ugali kwa kiganja. Wanafunzi walikwisha kuanza kujipanga na sahani zao. Methusela akamfuata Shangazi mpaka getini, nami nikamfuata Methusela, maana jambo kama lile mtu haachi kulisikiliza.

"Nikupe kuku?"

"Kuku nilikupa wewe, ukamla na shingo. Nipe huo uzoefu."

Methusela akakuna kichwa. Kisha akageukia barazani na kupaza sauti ya kiofisi kabisa. "Mwalimu, mpishi siwezi kuajiri. Ila kibarua wa mwezi mmoja ni mamlaka yangu, na kibarua hana sharti la miaka."

Mwalimu Anselmo akatazama mstari wa sahani. Akamtazama Shangazi na mwiko wake. "Mwezi mmoja," akasema. "Na huo mwiko urudi sasa hivi."

Nisidanganye mtu: lile sharti la miaka mitatu halikuwekwa kwa uonevu. Siku ya kwanza Shangazi alipakua ugali mbichi. Kusongea watu sita na kusongea mamia ni kazi mbili tofauti. Alimimina unga wote kwa mkupuo, katikati ukabaki vumbi. Wanafunzi wakaanza kugonga sahani. Methusela akaja na sahani yake, akasimama mbele yao wote, akala tonge baada ya tonge, macho yakimtoka. "Huu ndio upishi wa Ufipa," akatangaza. "Ni wa watu wenye meno. Kuleni!" Wakacheka, wakala. Kesho yake Katarina akamshika Shangazi mkono, akamfundisha kumimina kidogo kidogo na kuusukuma mwiko kwa kiuno badala ya mabega. Siku zikaenda. Ugali ukaiva.

Mwezi haujaisha, Kalisti akafika na lori la mpunga. Shangazi akamwambia amepata kazi.

"Kibarua si kazi, shemeji," Kalisti akasema kwa upole. "Kibarua ni mvua ya rasharasha. Twende nikamuulize mkubwa wako mwenyewe."

Tukaenda. Kalisti akavua kofia mbele ya Mwalimu Anselmo. "Ndugu Mwalimu, huyu mama kwenu hapa ni nani? Kibarua, au mtu wenu?"

Shangazi akashika nguzo ya baraza.

"Ni mpishi wetu," akasema Mwalimu. "Mkuu wa shule ameshakubali. Nilikuwa nangoja mwezi uishe nimwambie, lakini kwa kuwa umeuliza."

Kalisti akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mungu awabariki," akasema. "Esteria aliapa kulala ghalani nikirudi naye." Akampa Shangazi mkono, akamwachia gunia la mchele, akapanda lori lake.

Shangazi akaenda moja kwa moja stoo. Methusela alikuwa anapima maharage.

"Ndugu Methusela," akaanza, "sijui nikushukuru vipi. Tangu siku ile ya msiba mpaka..."

Methusela akamkodolea macho kwa hofu. "Unaumwa?"

Shangazi akajifuta machozi kwa pembe ya khanga. Akavuta pumzi. Akamwambia kwamba ana kichwa kama debe, kwamba anatembea kama ng'ombe aliyekanyaga mwiba, kwamba kwao Unyamwezini walimtuma mjini ili kijiji kipate nafuu. Aliendelea muda mrefu, mpaka Katarina akaja mlangoni kusikiliza.

Methusela alisikiliza yote hayo ameinamisha kichwa, kama mtu anayebarikiwa kanisani. Shangazi alipomaliza, akamwongezea kopo moja la maharage kwenye kapu la jiko, akasema, "Haya, nenda kapike, mchawi wewe."