Kurasa Nne za Kumwombea Mama Mdogo

Umewahi kumwachisha kazi mtu unayempenda kwa sababu tu unajua kuandika? Profesa amewahi, na hata mwaka haujapita.

Profesa si profesa. Ni kijana wa mwaka wa pili chuoni, anasomea fasihi ya Kiingereza na uandishi. Jina hilo alibandikwa na baba yake, fundi viatu, siku barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika.

"Ukimaliza hiyo unakuwa nani?" baba aliuliza, misumari miwili mdomoni.

"Mwanafasihi, baba."

"Sawa. Na mwanafasihi akienda kazini anavaa viatu gani?"

Profesa alijibu kwa hotuba ya nusu saa. Fasihi ni sauti ya wanyonge, alisema. Siku wavuja jasho watakapopata wa kuwaandikia, mabosi watatetemeka. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akagongelea kisigino.

"Basi ni ndala," akasema.

Mnyonge wa kwanza kujitokeza alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Mvuke na dawa ya kung'arishia vilikuwa vimemkaa kifuani. Akipanda ngazi tatu, anasimama kama mtu aliyesahau kitu. Daktari alishamwambia atoke mle. Mkabala na chumba cha kufulia kulikuwa na chumba cha kushona, wanakotia viraka mashuka yaliyochanika, na mshonaji mmoja alikuwa anastaafu.

"Mwanangu, niandikie barua ya kuomba kuhamia kule," alisema. "Fupi tu. Iwe ya Kiingereza, maana ofisini ndicho wanachokiheshimu."

Masikio ya Profesa yalisikia yote isipokuwa "fupi".

Muhula ule alikuwa amelewa somo la uandishi. Mhadhiri wao alikuwa na kanuni moja: mhusika asitamke anachokitaka, msomaji ahisi mwenyewe. Ukithubutu kuandika kwamba mtu alikuwa na njaa, sentensi inazungushiwa wino mwekundu na pembeni unaulizwa, "Nani kakuuliza?" Profesa ndiye aliyekuwa kinara wa darasa. Katika hadithi yake ya mwisho, mtu alitazama mlango kwa kurasa sita, na Profesa akapata alama themanini na mbili.

Basi alijifungia siku mbili. Barua ilipotoka ilikuwa na kurasa nne na haikuwa na ombi hata moja, kwa sababu kuomba aliona ni kumdhalilisha mfanyakazi. Ilikuwa na mvuke, mikono iliyopauka, na mashuka yaliyowapokea waliozaliwa na kuwafunika waliokufa. Mwishoni mwanamke alianika shuka la mwisho, akafuta mikono, akautazama mlango. Milango alikuwa anaiweza.

Alimsomea mama mdogo kwa sauti, mkono mmoja hewani. Kiingereza cha mama mdogo kiliishia shule ya msingi. Alilisikia neno "hospital" mara mbili, akaridhika.

"Umesema nataka kwenda kushona?"

"Imo yote, mama mdogo. Imo ndani kwa ndani."

Akatia saini.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Mama mdogo alilileta kwenye kibanda cha baba bila kulifungua, na Profesa akasimama kulisoma, mkono tayari hewani. Uongozi ulikuwa umepokea kwa majonzi barua yake ya kuaga. Ulimshukuru kwa utumishi wa miaka kumi na minne. Ulimtakia mapumziko mema.

Mkono wa Profesa ulishuka wenyewe.

"Wanasemaje?"

"Wanasema umeandika vizuri sana."

"Profesa."

"Wanataka urudishe mabuti na aproni. Kabla ya Ijumaa."

Baba aliweka nyundo chini. "Mabosi wametetemeka?"

Mama mdogo hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba magotini. "Umri huu nani ataniajiri mimi?" alisema taratibu, kama anayemuuliza mkoba.

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Profesa alisema, "Tatizo ni msomaji. Hakuzingatia taswira."

Mama mdogo alimwonyesha benchi.

"Kaa chini. Chukua kalamu. Andika Kiswahili, andika ninavyosema, na usiongeze kitu. Mimi sijaacha kazi. Kifua kinaniuma kwa ajili ya mvuke na dawa, cheti cha daktari hiki hapa. Naomba nihamie chumba cha kushona. Kushona najua."

"Hapo kwenye kifua, tungeweza kuweka..."

"Andika."

"Neno moja tu, mama mdogo, la kuamsha..."

"Nitakupiga na hayo mabuti."

Akaandika. Ilijaa robo ukurasa.

Kesho yake asubuhi Profesa alimsindikiza mpaka kwa msimamizi, mtu wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi. Aliisoma akiwa amesimama, akamaliza kabla chai yake haijaacha kutoa mvuke.

"Sasa hii ni barua," alisema. "Ile ya kwanza nililia, mama. Nilimsomea mke wangu, naye akalia. Tukajua unatuaga." Akafungua faili, akazitoa zile kurasa nne, akamrudishia. "Hii ondoka nayo, asije mwingine akaisoma. Twende kule, nikuone mkono. Ukiweza, unaanza leo."

Chumba cha kushona kilikuwa na mashine moja tu isiyo na mtu, nayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Mama mdogo alitandaza shuka lililochanika, akakanyaga. Mashine ikayumba, mshono ukaenda upogo. Akafumua, akajaribu tena. Ukaenda upogo zaidi. Msimamizi alikunja mikono. Profesa alichungulia kutoka mlangoni.

Mama mdogo aliinama, akachungulia chini. Akafungua mkoba, akatoa zile kurasa nne, akazikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, akazipigilia kwa kiganja chini ya mguu mfupi. Akakanyaga. Mashine ikatulia, na mshono ukaenda umenyooka kutoka pindo hadi pindo.

Msimamizi aliitikia kwa kichwa, akarudi kumalizia chai yake.