Yoti ya Mwisho Kufika Wambaa

Chombo kinachofika cha mwisho kinashindaje mbio? Niliondoka Wambaa na swali hilo, na nyumbani Madungu mama alikuwa akisubiri jibu.

Yeye ndiye aliyenituma. Kaka yangu Hamadi alikuwa amechukuliwa kwenye yoti ya wageni, chombo chao cha matanga, katika mbio za kimataifa, na mama hakuwaamini wageni wale. "Nenda ukawatazame. Weye humwamini mtu, utanifaa."

Asubuhi nilifika Wambaa kwa shangazi, Bi Asha. Mumewe, Mzee Khamis, alikuwa akiwacheka wageni. "Vile navyo vyombo? Kwa ngalawa yangu nawapita!" Akavaa kofia yake, akateremka pwani.

Pwani, karani wa mashindano alinieleza. Yalianzishwa na marafiki waliobishana nani ana chombo chepesi. Leo hushindana mataifa, na kila safari ya bandari hadi bandari ni hatua moja. Yoti hupunguziwa muda kulingana na ukubwa wake, kwa hiyo ya kwanza kufika si lazima ishinde. Mshindi wa hatua hupata pointi moja, wa pili mbili. Mwenye chache mwishoni ndiye bingwa. Kila yoti huchukua baharia mmoja mwenyeji, na itakayoshinda hatua ya Pemba itaendelea na baharia wake hadi kisiwa cha Ngazija.

"Muda anaupunguza nani?"

"Sisi."

"Na nyinyi anawapima nani?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Adhuhuri yoti zikaingia. Ya Hamadi ilikuja ya mwisho, peke yake. Alasiri ikatangazwa mshindi.

"Tumewarudishia muda walioupoteza," alisema karani.

"Waliupotezea wapi?"

Akamtazama Hamadi. Hamadi akatikisa kichwa. Karani akafunga daftari lake.

Nikamvuta kaka pembeni. "Mmehonga?"

"Wallahi hatukuhonga."

"Basi sema!"

"Si langu kulisema, Zuhura. Kuna mtu wa kusitiriwa."

Magharibi, kwa Bi Asha, Mzee Khamis alikula kichwa wazi.

"Uliwapita, mzee?" nilimtania.

"Upepo ulikataa."

"Kuleni samaki, maneno baadaye," alidakia Bi Asha.

Kesho yake, Madungu, mama aliuliza, "Wezi?"

"Sijui. Wanaficha kitu."

"Na Hamadi?"

"Ameapa."

Mama alikunja nguo za Hamadi za safari ya Ngazija, akazitia kwenye begi. "Mpelekee."

Miaka ilipita. Baada ya hitima ya Mzee Khamis, Bi Asha aliniketisha jikoni, akaniambia: siku ile ya mbio ngalawa ya mumewe ilipinduka mbele ya yoti ya Hamadi, na yoti inayosimama kumwokoa mtu hurudishiwa muda wake. Hamadi ndiye aliyejitosa kumtoa. Kofia ya mzee haikuonekana tena.