Nilivyolima Uwanja wa Mpira

Miaka ya sabini, nikiwa darasa la sita pale Ngokolo, kengele ya saa tisa alasiri ilinigombanisha na mama. Yeye alinitaka kisimani. Mimi nilitaka bugobogobo, ngoma ya majembe, tuliyofundishwa baada ya masomo na mwalimu mmoja wa kutoka Tanga. Ngoma ya Wasukuma aliijua kwenye daftari tu. Kila aliporusha jembe juu, sisi wanafunzi tulitimua mbio kuokoa vichwa vyetu.

Mama alivumilia muhula mzima, kisha akachoka.

"Jumamosi nakuja kwenye hayo mashindano yenu, mayu. Nikiona upuuzi, ngoma basi."

Hata akiniita mayu, yaani "mama" kwa Kisukuma, mama akisema basi, ni basi. Nililia, sitadanganya.

Tulishindana kama wazee wetu: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kinachovuta watu wengi ndicho kinachoshinda. Wapinzani wetu walikuja na joka la matambara lenye ulimi mwekundu. Watu wote wakahamia kwao. Mama naye akaenda, akasimama mbele kabisa, akanipa kisogo.

Hasira zikanipanda. Nikarusha jembe juu kuliko siku zote, nikalikosa, likaanguka puu! Nilipoinama kuliokota nikaona aibu kuinuka, basi nikaanza kulima. Nililima uwanja wa mpira wa shule kwa mdundo wa ngoma, tena nililima kama mama: mkono kiunoni, kufuta jasho, kufukuza kuku, kununa, kulima tena. Kicheko kikaanza kwa majirani wa nyumbani waliomtambua mama, kikasambaa. Watu wakaliacha joka.

Nimefanya kazi nyingi tangu siku ile, na nyingi zimeniharibikia mbele za watu. Sijawahi kukimbia. Hilo sikulipata kwenye hesabu wala jiografia, nililipata kwenye ngoma ya saa tisa.

Lakini siku ile nilitamani sana kukimbia, maana mama alikuwa anakuja, amekaza uso, watu wanampisha. Akaninyang'anya jembe.

"Mimi siinami hivyo," akasema.

Akafunga khanga vizuri, akainama, akacheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji. Aliponirudishia jembe alikuwa anahema.

"Jumatatu maji nitateka mwenyewe. Wewe baki hapa ujifunze kuinama."