Mkalimani wa Tamthilia

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Pakistani, ya zamani, na kaka yangu alikuja nayo kwenye flashi kutoka Tunduma. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo kila jioni pale kwetu Igamba mimi ndiye niliyewasomea wakubwa kwa Kiswahili. Ningejua, ningesema shuleni sikuambulia kitu.

Baba alimpenda sana tajiri mmoja wa humo, mwenye mashamba, na masharubu yake na fimbo yake. "Mwanaume ndiye huyu," alikuwa akisema. Shangazi, dada yake baba, alikuwa akipukuchua mahindi pembeni. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, na baba alimpa kipande cha ardhi nyuma ya kahawa alime, huku akisisitiza kwamba amemwazima tu. Kwetu mtoto wa kike harithi shamba.

Nikaanza kuona mambo yanakoelekea. Yule tajiri naye alikuwa na dada, na huyo dada alianza kuulizia ardhi ya marehemu baba yao. Kila jioni niliomba umeme ukatike, lakini wiki ile, kwa ukaidi tu, haukukatika.

Jioni moja yule dada akasimama mbele ya kaka yake, akasema. Mimi nikayaacha maandishi yapite.

"Kasemaje?" baba akauliza.

Nikatafsiri huku nikitazama sakafu: "Nataka sehemu yangu ya shamba la baba."

Shangazi akaacha kupukuchua mahindi.

"Rudia hapo, mwanangu," akasema. "Kaka yangu hajasikia vizuri."